Saini Iliyochelewa Siku Tatu

Sehemu ya Tisa

"Andika thelathini na moja Desemba," Mjomba alirudia, na safari hii hakunong'ona.

Hapo ndipo tulipomwacha Bi Nukta wiki iliyopita, wasomaji wangu: kalamu mkononi, mlango umefungwa kwa ufunguo, na mwenye kiwanda amesimama mbele yake akitokwa na jasho kama aliyepandisha godoro la sita kwa sita ghorofa tatu peke yake. Wapo walioniandikia wakiapa kwamba ataandika. Wapo waliosema atazimia. Jamani, nyie mnamjua Bi Nukta au mnamsikia tu?

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo, nakupa kwa ufupi halafu twende mbio. Bi Nukta ni mhasibu mkuu wa kiwanda cha magodoro cha mjomba wake, kaka wa mama yake. Jina hilo alipewa na mafundi kwa sababu hapitishi karatasi ambayo sentensi yake ya mwisho haina nukta. Kiwanda kinadaiwa na benki milioni mia nne na themanini, na deni zima lilikuwa lilipwe Juni mwaka huu. Benki ikakubali kulivuta kwa miaka saba. Mkataba mpya ukaletwa asubuhi ya tarehe thelathini na moja Desemba, siku ya mwisho ya mwaka wa hesabu, saini ya benki ikiwa imeshakauka. Kilichobaki ni saini ya Mjomba.

Na Mjomba hakusaini!

Si kwamba hakutaka. Kwao karatasi kubwa haisainiwi kabla ya kulaliwa. Marehemu baba yake, aliyeanza na cherehani moja, alikuwa hatoi godoro la aina mpya mpaka amelilalia mwenyewe siku tatu, na uzee ulipomwingia akaanza kulalia na mikataba. Mjomba alirithi kiwanda akarithi na tabia. Aliuweka mkataba wa benki chini ya godoro lake, akaulalia siku tatu kamili, akaamka tarehe tatu Januari moyo mweupe, akaweka saini. Kwenye nakala ya benki aliandika tarehe. Kwenye nakala ya kiwanda akasahau, na nafasi hiyo tupu ndiyo iliyokuwa inamtazama Bi Nukta sasa hivi.

"Mjomba," alisema, "siandiki."

"Unasema?"

"Siandiki. Kalamu yako hii hapa."

"Siku tatu tu, mpwa wangu! Siku tatu ni nini? Mtu anaumwa mafua siku tatu anapona na hakuna aliyejua!"

"Siku tatu hizi ni mwaka mwingine." Bi Nukta aliilaza kalamu juu ya meza. "Nimekueleza jana, nimekueleza juzi. Mizania, yaani orodha ya mali na madeni, ni picha. Inapigwa mara moja tu, tarehe thelathini na moja usiku. Usiku ule deni letu lilikuwa la kulipwa Juni, miezi sita mbele. Deni la ndani ya mwaka linakaa safu ya madeni ya muda mfupi, hata kama siku tatu baadaye benki imelivuta mpaka tuote mvi. Aliyefika baada ya picha kupigwa hayumo kwenye picha."

"Basi tumchomeke!"

"Huko kunaitwa kughushi. Na nakala ya benki je?"

"Ya benki iko benki! Nani ataenda kuitazama?"

Bi Nukta alitaka kucheka, lakini alipomwangalia usoni akaona mzee wa watu anatetemeka kidevu. Alimpenda sana mjomba wake. Ndiye aliyemlipia masomo, na siku ya kufaulu mtihani wa mwisho alimpelekea godoro jipya lenye utepe mwekundu, akalibeba mwenyewe kichwani mtaa mzima huku anaimba. Sasa kumkatalia mtu kama huyo ana kwa ana, usione rahisi.

"Mwanangu," Mjomba alisema, sauti imeshuka, "Mama Povu anakuja kesho kusoma hesabu. Unajua akiliona lile deni kwenye safu ya muda mfupi atafanya nini."

Alijua. Mama Povu ndiye anayewakopesha mapipa ya kemikali zinazoumua povu la magodoro. Anakopesha kwa sharti moja lililoandikwa kwa herufi nene: siku madeni ya kiwanda ya ndani ya mwaka yatakapozidi mali inayoweza kugeuka pesa ndani ya mwaka, hakuna tena kukopa. Mali hiyo, yaani pesa iliyoko benki, magodoro yaliyoko stoo na pesa wanazodaiwa wenye maduka, ilikuwa milioni mia tano na ishirini. Madeni bila lile la benki yalikuwa mia tatu na kumi. Hapo mtu anapumua. Ongeza la benki, yanakuwa mia saba na tisini. Hapo mtu anatafuta pa kukaa.

Mapipa yaliyobaki stoo yalikuwa ya siku kumi na moja. Baada ya hapo mashine zinyamaze, na wafanyakazi mia moja na thelathini waende nyumbani.

"Naijua hesabu hiyo kuliko wewe," Bi Nukta alisema. "Na bado siandiki."

Mlango ukagongwa.

Ngo, ngo, ngo. Mara tatu, taratibu. Mkono mmoja tu ulimwenguni unagonga hivyo, na ni wa Mkaguzi.

Mjomba aliuchukua mkataba, akazunguka chumba kizima kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha akauchomeka chini ya godoro la majaribio lililokuwa pembeni ya ofisi na kulikalia. Ndipo alipompa Bi Nukta ufunguo afungue.

Mkaguzi aliingia na chupa yake ya chai kwapani. Ni mtu mrefu, mwembamba, ametumwa na ofisi ya wakaguzi wa nje, na tangu afike kiwandani wiki mbili zilizopita hajanywa hata tone la maji ya watu. Anakuja na chai yake, kikombe chake, hata chumvi ya yai lake. Anasema ukinywa cha mtu, kalamu inakuwa nzito.

"Habari za saa hizi. Nimebakiza karatasi moja tu," alisema. "Mkataba mpya wa benki. Nakala halisi."

"Upo," alisema Mjomba.

"Uko wapi?"

"Upo upo tu hapa hapa."

Mkaguzi alitazama godoro. Pembe ya karatasi nyeupe ilikuwa imechungulia pajani kwa Mjomba. Mkaguzi ni mtu wa adabu, akahamishia macho dirishani.

"Basi niambieni tarehe tu. Ulisainiwa lini?"

Nje, mashine ya kukatia povu ilikuwa inanguruma, na mafundi wa cherehani walikuwa wanataniana kwa sauti kuhusu timu iliyofungwa jana. Mjomba alikohoa, akapangusa uso kwa leso, halafu akafanya jambo ambalo Bi Nukta hakulitegemea.

"Muulize mpwa wangu," alisema. "Yeye ndiye mwenye vitabu. Atakalosema yeye ndilo hilo."

Yaani alimsukumia mzigo wote mbele ya mkaguzi! Alimjua Bi Nukta tangu anatambaa, akadhani mbele ya mgeni hatamwaibisha mjomba wake. Akamtazama kwa macho ya kuomba, yale yale ya siku alizokuwa anamwomba asimwambie mama kwamba amekula sukari na wakati amekatazwa na daktari.

Bi Nukta alimgeukia Mkaguzi.

"Tarehe tatu Januari," alisema.

Mkaguzi aliandika.

"Umeniua!" Mjomba aliruka kutoka kwenye godoro. "Umeniua mchana kweupe, damu yangu mwenyewe! Toa funguo!"

"Mjomba..."

"Hapa mimi si Mjomba, mimi ni mkurugenzi! Funguo za stempu, funguo za kabati, zote mezani. Na kiti hicho leo si chako tena!"

Funguo zilikuwa tano kwenye pete moja. Bi Nukta aliziweka mezani bila kuzigonganisha. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi, na aliitazama kwa mazoea tu, maana mtu wa hesabu hata akifukuzwa hutazama saa.

"Samahani," Mkaguzi alisema huku bado anaandika. "Neno 'ameondolewa' niliandike lilivyo?"

"Usiandike chochote!"

"Nimeshaandika."

"Futa!"

"Mimi sifuti, mzee wangu. Siku nitakayofuta nitakuwa nimeanza kunywa chai yenu."

Bi Nukta alitoka. Alipita katikati ya mafundi akijikaza kisabuni, macho mbele, na vipande vya povu vikimnasia viatuni. Fundi mmoja akamuuliza mbona leo anatoka mapema, naye akajibu kwamba anaenda kunyoosha miguu. Hakutaka kusema. Alijua akifungua mdomo atalia, na kulia mbele ya cherehani arobaini si jambo la mhasibu mkuu, hata aliyeachishwa.

Getini, mlinzi akamsimamisha.

"Mkoba, dada."

"Leo hujui nimefukuzwa?"

"Pole sana. Mkoba."

Kila anayetoka hukaguliwa asije akawa amebeba vipande vya povu. Mlinzi akatoa kikokotoo, kitana, kalamu tatu na risiti, akazipapasa moja moja kana kwamba godoro linaweza kukunjwa likaingia humo. Alikuwa bado anapapasa gari jeusi liliposimama puani kwao.

Akashuka mama mfupi, viatu virefu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

Mama Povu. Siku moja kabla!

"Wewe," alisema akimnyooshea Bi Nukta kidole. "Wewe si ndiye mhasibu?"

"Nilikuwa, Mama. Mpaka dakika ishirini zilizopita."

"Umeiba?"

"Hapana."

"Umempiga mtu?"

"Hapana, Mama. Nimetaja tarehe."

Mama Povu alivaa miwani, akamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye vipande vya povu viatuni. Kisha akacheka, kicheko kimoja kifupi, akamshika mkono.

"Geuka. Sisomewi hesabu na mtu ambaye hakuziandika."

"Sina ruhusa ya kuingia."

Wote wawili wakamgeukia mlinzi. Mlinzi akafikiri kwa bidii.

"Mimi nimeajiriwa kukagua wanaotoka," alisema. "Anayeingia hanihusu."

Wakaingia.

Ofisini walimkuta Mkaguzi anakunywa chai yake, na Mjomba ameketi kwenye kiti cha Bi Nukta, anabonyeza kompyuta kwa kidole kimoja na kuilaani. Alipomwona Mama Povu rangi ilimtoka. Alipomwona aliyekuja naye, ikaisha kabisa.

"Mama! Mbona leo? Tulisema kesho!"

"Kesho mtu amejipanga. Mimi napenda kufika mtu akiwa hajajipanga." Mama Povu alivuta kiti. "Swali moja tu la kuanzia. Mliniambia mmelivuta deni la benki. Mkataba uliusaini lini?"

Bi Nukta alimtazama mjomba wake na kumwomba kimoyomoyo. Mjomba aliangalia dari, akaangalia funguo, akajaza kifua hewa.

"Ule mkataba, Mama, benki waliuleta Desemba, na kwa kuwa waliuleta Desemba, basi kwa kweli, ukiangalia, ni wa De..."

"Kabla hujamaliza," Mama Povu alimkata, "mimi nilikupigia simu tarehe mbili Januari jioni kukutakia heri ya mwaka mpya. Unakumbuka uliniambia nini?"

Mjomba akaanza kutafuta leso yake.

"Uliniambia, 'Mama, nisamehe naongea nimelala, nimelalia mkataba wa benki, leo ndiyo siku ya tatu, kesho naweka saini.' Nikacheka mpaka mume wangu akaja kuniuliza kulikoni."

Hapo Mkaguzi, mtu ambaye kwa wiki mbili hakuonyesha hata jino, alipaliwa na chai yake. Akakohoa, akacheka, akakohoa tena, na Bi Nukta akalazimika kumpiga mgongoni.

"Ni ya tarehe tatu Januari," Mjomba alisema kwa sauti ndogo sana.

"Haya. Ungemaliza lile neno, nisingekuuzia hata pipa tupu la kukingia mvua. Sasa nipeni vitabu."

Bi Nukta alivileta mbio. Yamekwisha! Ndivyo alivyodhani, na huenda na wewe msomaji umeshaanza kukunja gazeti. Subiri.

Mama Povu alifungua ukurasa wa mizania. Akashusha kidole kwenye safu. Mia saba na tisini. Akapandisha kidole kwenye safu nyingine. Mia tano na ishirini. Akavua miwani polepole.

"Mmesema kweli, na nimefurahi," alisema. "Lakini sharti ni sharti. Kuna kiwanda nilikionea huruma mwaka juzi, mpaka leo mapipa yangu mia mbili yamefungiwa kwenye stoo yao na mwenyewe haonekani. Mzigo wa Jumatatu hauji. Mkitaka, pesa mkononi."

Mjomba aliweka mikono miwili kichwani, kama mtu anayezuia kofia isipeperushwe na upepo.

Siku kumi na moja, Bi Nukta aliwaza. Akawaona mafundi wa cherehani mmoja mmoja. Akamwona yule aliyemuuliza mbona anatoka mapema, aliyejenga vyumba viwili na hajaezeka.

"Mama," alisema, "geuza ukurasa."

"Upi?"

"Maelezo ya nyuma, namba kumi na nane. Kurasa ambazo hakuna mtu anazisoma."

Mama Povu akageuza, akasoma kwa sauti, neno kwa neno. "'Tarehe tatu Januari, baada ya mwaka kufungwa na kabla ya hesabu hizi kuidhinishwa, kampuni na benki zimesaini kulivuta deni hili kwa miaka saba. Kwa sababu makubaliano yalikamilika baada ya mwaka kufungwa, deni limeonyeshwa kuwa la muda mfupi. Malipo ya Juni mwaka huu yatakuwa milioni thelathini na nne.'" Akarudisha kidole kwenye mstari. "Thelathini na nne? Si mia nne na themanini?"

"Thelathini na nne. Picha haiwezi kubadilishwa, Mama, lakini chini ya picha tunaruhusiwa kuandika nani alifika baadaye. Si ndivyo, Bwana Mkaguzi?"

"Si mnaruhusiwa, mnatakiwa," alisema Mkaguzi. "Tena ulipokuwa nje nimeyasoma mara tatu. Yana nukta zote."

Bi Nukta akasogeza kiti. Sasa alikuwa ameshasahau kwamba amefukuzwa.

"Nakuomba barua fupi tu. Useme sharti lile umelisamehe kwa mwaka huu mmoja, basi. Juni nakuletea hesabu za nusu mwaka, na utaliona deni limehamia safu ya muda mrefu, limebaki kipande cha mwaka tu. Lisipohama, funga mapipa yako, na mimi mwenyewe nitakuja kukusaidia kuyapakia."

"Kwa viatu hivyo?"

"Nitavua."

Mama Povu alicheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa kirefu.

"Na kwa nini nikuamini? Kila mwenye deni huwa ana maelezo."

Bi Nukta alitaka kusema kitu kizuri, hakukipata. Akasema kilichokuwepo. "Kwa sababu leo ningeweza kuandika tarehe nyingine, Mama, na sasa hivi nisingekuwa sina kazi."

Mama Povu alivuta karatasi nyeupe, akatoa kalamu mkobani, akaanza kuandika. Mjomba alichungulia kwa mbali, shingo imerefuka.

"Nimesamehe mwaka mmoja," alisema Mama Povu huku anaandika. "Jumatatu mzigo unakuja. Barua inaelekezwa kwa mhasibu mkuu. Naandika nani hapo?"

Macho yote yakamgeukia Mjomba.

Mjomba aliinuka kwenye kile kiti. Akachukua pete ya funguo, akaishika kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka bila kuona haya.

"Mwanangu, nimekukosea," alisema. "Niliogopa. Nilimwona marehemu baba ananiuliza kiwanda changu umekipeleka wapi, nikapotewa na akili. Niite mpumbavu, sitabisha. Rudi kwenye kiti chako."

Akaziweka funguo mezani mbele ya Bi Nukta. Na Bi Nukta, aliyejikaza mbele ya cherehani arobaini, hakuweza kujikaza tena. Akalia, akacheka, akatafuta leso, akapewa ya Mjomba iliyolowa jasho, akaikubali hivyo hivyo.

Alinyoosha mkono kuchukua funguo.

Simu ya mezani ikalia.

Mjomba akaiwahi, na kwa ile hamu yake ya kubonyeza kila kitu akabonyeza spika. Sauti ya mwanamke ikajaa chumba.

"Naongea na mkurugenzi? Hapa ni benki, idara ya mikopo mikubwa. Nimepokea ujumbe wako wa saa nne na robo."

"Ujumbe gani?" Bi Nukta alinong'ona.

Mjomba aliuma mdomo wa chini. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

"Unasema hivi," sauti iliendelea. "'Kuanzia sasa mhasibu mkuu si yule tena, hesabu nitawaletea mwenyewe.' Mkurugenzi, unakijua kifungu cha ishirini na mbili?"

Mkaguzi alikuwa ameshainua godoro na kuuchomoa mkataba. Akafunua, akatafuta kwa kidole, akasoma kimya. Halafu akakiweka kikombe chake chini.

"Mhasibu mkuu akiondolewa bila idhini ya benki," alisema, "benki ina haki ya kudai deni lote siku hiyo hiyo, mpaka itakapomkubali mwingine."

"Uliulalia siku tatu!" Bi Nukta alisema. "Hukuusoma?"

"Kulalia na kusoma ni kazi mbili," Mjomba alijibu kinyonge.

"Nina swali moja tu," ilisema sauti ya benki. "Nataka nilijaze kwenye fomu. Kuanzia saa nne na robo mpaka sasa hivi, mhasibu mkuu wa kampuni ni nani?"

Mjomba aliifunika simu kwa viganja vyote viwili, akapiga magoti kabisa. "Sema ni wewe," alinong'ona. "Sema hukutoka. Ni nusu saa tu na ushee, mpwa wangu! Nani anahesabu nusu saa?"

Kalamu ya Mama Povu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Barua ilikuwa imekamilika, imebaki saini. Mkaguzi alikuwa na daftari wazi. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyeweza kumsaidia. Akisema hakutoka, kiwanda kimepona na yeye amekuwa mwongo mbele ya watu wawili waliomwamini. Akisema alitoka, milioni mia nne na themanini zinaweza kudaiwa kabla ya jua kuzama.

Bi Nukta alitazama saa. Akaondoa viganja vya Mjomba juu ya simu, kimoja kimoja, kwa upole.

"Dada," alisema, "niliondolewa saa nne na dakika kumi. Sasa ni saa tano kasoro dakika nane. Kwa dakika arobaini na mbili kiwanda hiki hakina mhasibu mkuu. Funguo ziko mezani, sijazichukua."

Mama Povu alishusha kalamu, akasaini, akaipiga karatasi kofi la furaha. "Hapo sawa!" alisema.

"Asante kwa kuniambia ukweli," sauti ilisema hatimaye, taratibu. "Basi nakujulisha rasmi kwamba deni lote linadaiwa kuanzia leo, mpaka nitakapomkubali mhasibu mpya. Na usihangaike kumtafuta, mkurugenzi. Benki imeshamchagua. Niko getini kwenu, mlinzi amekataa kutuzuia, na huyo mhasibu ninaye hapa garini."